Nani Alifaidika na Mzuka wa Sleepy Hollow?

Sentensi inayotisha kuliko zote katika hadithi fupi ya Kimarekani "The Legend of Sleepy Hollow" haina mzuka ndani yake. Inakuja karibu na mwisho, baada ya farasi kukimbizana usiku, boga kupasuka na mwalimu Ichabod Crane kutoweka. Wanakijiji wamekipekua kijito wasiuone mwili wake. Hapo Washington Irving anaandika kwamba, kwa kuwa mwalimu huyo alikuwa kapera na hakuwa na deni la mtu yeyote, hakuna aliyejisumbua tena kumfikiria. Shule ikahamishiwa upande mwingine wa bonde, akaletwa mwalimu mwingine, mambo yakaendelea.

Kila Oktoba, majani yanapopukutika huko Marekani ya kaskazini, hadithi hii hurudi kwa kishindo. Maboga huchongwa macho na meno yakawekwa barazani, filamu zake huoneshwa upya, na wazazi Waswahili wanaoishi huko huulizwa na watoto wao waliotoka shule: huyu mtu asiye na kichwa ni nani? Nimeirudia msimu huu, polepole, ukurasa kwa ukurasa, na nimetoka nikiamini kwamba tumezoea kuijia na swali dogo. Tunauliza kama yule mpanda farasi asiye na kichwa aliyemfukuza Ichabod alikuwa mzuka wa kweli au alikuwa Brom Bones, kijana mtukutu wa kijijini, aliyejifunika joho. Irving ametuachia dalili za kutosha kulimaliza swali hilo. Ninaloona halijamalizika ni jingine: nani alifaidika watu walipokubali kwamba ni mzuka, na gharama ililipwa na nani?

Irving alizaliwa jijini New York tarehe 3 Aprili 1783, mwaka ule ule vita vya uhuru wa Marekani vilipofungwa kwa mkataba, na wazazi wake wakampa jina la jenerali aliyeviongoza vita hivyo. Mwaka 1798 homa ya manjano ilipoliingia jiji, kijana huyo alipelekwa Tarrytown, kando ya mto Hudson, akakaa kwa rafiki yake. Huko ndiko alikolijua bonde la Sleepy Hollow na masimulizi ya wakulima wake wenye asili ya Uholanzi. Lakini hadithi yenyewe aliiandika ng'ambo ya bahari, Uingereza, baada ya biashara ya familia yao kufilisika mwaka 1818. Alikuwa mwanamume wa miaka 35 asiye na kazi ya kueleweka, akikaa kwa vipindi katika nyumba ya dada yake na shemeji yake huko Birmingham. Ilichapishwa mwaka 1820 ndani ya mkusanyo wake "The Sketch Book". Naitaja hali hiyo kwa sababu aliyetuandikia habari za mtu anayelala kwenye nyumba za wengine na kula mezani pa wengine alikuwa anayajua maisha hayo.

Ichabod Crane anatoka Connecticut, jimbo la jirani. Ni mrefu, mwembamba, viganja vyake vinaning'inia mbali kabisa na mikono ya koti. Bondeni ni mwalimu wa shule na mfundishaji wa kuimba zaburi. Mshahara wake hautoshi hata mkate, kwa hiyo anahamia nyumba ya mzazi mmoja baada ya mwingine, wiki moja moja, mali yake yote ikiwa imefungwa ndani ya leso ya pamba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Ichabod jembe analishika: anaanika nyasi za mifugo, anatengeneza nyua, anawapeleka farasi kunywa maji, anawarudisha ng'ombe kutoka malishoni, anachanja kuni za majira ya baridi, anakaa na mtoto wa mwenyeji wake gotini huku mguu wake ukitikisa susu kwa saa nzima. Msomaji anayeyajua maisha ya mwalimu wa kijijini hahitaji kuelezwa zaidi.

Wala hakuwa malaika. Fimbo aliitumia, hasa kwa wavulana wenye miili imara. Na alikuwa na njaa isiyokoma. Irving anaieleza njaa hiyo kwa ukurasa mzima ambao kwangu ndio moyo wa hadithi. Ichabod anapokwenda nyumbani kwa Baltus Van Tassel, mkulima tajiri mwenye binti mmoja tu, Katrina wa miaka 18, macho yake hayaoni mifugo. Nguruwe anamwona ameshaokwa, tufaha mdomoni. Njiwa anawaona wamelazwa ndani ya mkate wa nyama. Bata bukini wanaogelea katika mchuzi wao wenyewe. Kisha njaa inapanda daraja. Anaanza kuyahesabu mashamba, kuyauza kichwani, kuzigeuza fedha zake ziwe ardhi kubwa ya porini. Anamwona Katrina juu ya gari la kukokotwa, watoto kibao, masufuria yakining'inia chini, na yeye mwenyewe juu ya farasi wakielekea Kentucky, Tennessee au popote Mungu atakapojalia.

Kwa maneno mengine, angelimeza bonde lote akaondoka. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaomfanya Ichabod kuwa kondoo wa kafara. Waholanzi wa Hudson walikuwa na sababu ya kuwaogopa watu wa aina yake. Katika miaka ile, takriban 1790, watu wa majimbo ya New England, Connecticut likiwemo, walikuwa wakimiminika kuelekea magharibi na kaskazini wakitafuta ardhi, na familia za zamani za Kiholanzi ziliona lugha yao, kanisa lao na mashamba yao yakizungukwa. Irving anaijaza hadithi hofu hiyo bila kuitangaza. Anamwachia msomaji aipime mwenyewe: mgeni anakuja na tamaa, wenyeji wana cha kupoteza, na katikati yao yumo msichana ambaye hatusikii neno hata moja kutoka kinywani mwake.

Msimu nao umepewa kazi yake. Siku ya karamu ya Van Tassel ni siku njema ya mapukutiko: misitu imegeuka kahawia na manjano, miti mingine imeungua kwa baridi ya usiku ikawa ya rangi ya chungwa, zambarau na nyekundu. Ichabod anapita taratibu juu ya farasi mkongwe wa kuazima aitwaye Gunpowder, jicho lake likila kila linachokiona. Matufaha yamejaa mitini na kwenye vikapu, mengine yamerundikwa kusubiri kukamuliwa. Mahindi yanachungulia kutoka kwenye maganda. Na chini ya mahindi hayo yamelala maboga ya manjano, matumbo yao yameelekezwa juani, yakiahidi vitafunio vitamu.

Nilipofika hapo nilisimama nikarudi kuisoma tena sentensi hiyo ya maboga. Irving ameiweka silaha mbele ya macho yetu mchana kweupe, kurasa nyingi kabla ya kutumika, na ameiweka katika sura ya chakula. Kile ambacho Ichabod alikitamani kwa ajili ya tumbo lake ndicho kitakachompiga kichwani usiku huo huo. Katika hadithi hakuna boga lililochongwa uso, hakuna mshumaa ndani yake, wala sikukuu ya Halloween haitajwi hata mara moja. Miali ya moto na meno ya kutisha vililetwa na wachoraji na watengeneza filamu wa baadaye. Katuni ya Disney ya mwaka 1949 ndiyo iliyoikaza picha hiyo vichwani mwa watu. La Irving ni boga la shambani, kutoka mavuno ya watu ambao mgeni alitaka kuyarithi. Ukilibadilisha likawa kinyago cha moto, umeipoteza hesabu yote aliyoipanga.

Sasa tumtazame Brom Bones, mshindani wa Ichabod kwa Katrina, ambaye jina lake halisi ni Abraham Van Brunt. Filamu humwonesha kama mtu wa misuli tu. Ndani ya hadithi ni fundi wa kuandaa akili ya mtu. Yeye na wenzake wanaziba dohani la darasa la kuimba ili moshi uwatoe watu nje. Wanaingia shuleni usiku wakapindua kila kitu, hata mwalimu maskini anaanza kudhani wachawi wote wa nchi wanafanyia mikutano yao pale. Udongo wa kupanda hofu hiyo Ichabod alikuja nao mwenyewe: ana kitabu cha mhubiri Cotton Mather kuhusu uchawi wa New England, anakiamini kwa dhati, na jioni za baridi hukaa mekoni na wanawake wa Kiholanzi wakibadilishana habari za mizuka huku matufaha yakichomwa jikoni. Raha ile aliilipia njiani akirudi, kila kichaka kikimshtua.

Usiku wa karamu, baada ya muziki na chakula, wazee wanakaa barazani kuvuta kiko na kusimulia vita na mizuka. Inasimuliwa habari ya mzee Brouwer, asiyeamini mizuka, alivyochukuliwa na mpanda farasi asiye na kichwa hadi darajani. Ndipo Brom anapotoa yake. Anasema alikutana naye usiku mmoja, akamwalika washindane mbio kwa bakuli la kinywaji, na angemshinda, ila walipofika kwenye daraja la kanisa yule mpanda farasi alichomoka akatoweka ndani ya mmweko wa moto.

Angalia alichokifanya. Amempa Ichabod kanuni ya usalama. Ukifika darajani umepona. Saa chache baadaye, Ichabod akiwa mbio juu ya Gunpowder, tandiko limekatika, ameshikilia shingo ya farasi, anaziona kuta za kanisa zikimeta chini ya miti na kujiambia: nikilifikia tu lile daraja, nimesalimika. Analifikia. Analivuka. Anageuka nyuma kuona kama adui yake atatoweka kwa mmweko wa moto, kama ilivyosimuliwa. Badala yake anamwona amesimama juu ya vikuku vya tandiko, akijiandaa kumtupia kichwa, ambacho ndicho lile boga. Tumaini la kujiokoa alipewa na yule yule aliyekuwa akimfukuza, na kwa ajili ya tumaini hilo aligeuza uso wake uelekee kombora. Sijui hadithi nyingine fupi inayoonesha wazi namna hii jinsi mtu anavyoweza kutawaliwa kwa simulizi aliyoisikia akiwa ameshiba, miongoni mwa watu waliokuwa wakimtabasamia.

Lakini Brom hakumbuni mzuka yule. Alimkuta, na jambo hilo halipewi uzito unaostahili. Mpanda farasi asiye na kichwa, kwa masimulizi ya bonde, alikuwa askari wa Hesse ambaye kichwa chake kilichukuliwa na risasi ya mzinga katika pigano moja lisilo na jina wakati wa vita vya uhuru. Nyuma ya mzuka huyo kuna historia ya kweli. Uingereza ilikodi takriban askari 30,000 kutoka kwa watawala wadogo wa Ujerumani ili kuwapiga Wamarekani, na kundi kubwa zaidi lilitoka Hessen-Kassel, ndiyo maana wote waliitwa kwa jina hilo. Malipo ya mkataba yalikwenda kwa mtawala wao. Wengi wa askari hao walikuwa vijana wa mashambani walioingizwa jeshini bila hiari kubwa. Walipigana White Plains, si mbali na Tarrytown, tarehe 28 Oktoba 1776, na maelfu kati yao hawakurudi kwao.

Kwa hiyo mzuka mkuu wa hadithi hii ni mgeni fukara aliyekufa katika ugomvi usio wake, akazikwa ugenini, na hata pigano lililomuua halikupewa jina. Kila usiku anatafuta kichwa chake, na kila alfajiri anarudi kaburini bila hicho kichwa. Wenyeji wamemfanya kitisho chao. Kisha kitisho hicho kinatumika kumfukuza mgeni mwingine fukara. Brom Bones anavaa maiti ya askari wa kukodiwa ili kumwondoa mwalimu wa kuajiriwa, na wote wawili hawana ndugu hata mmoja bondeni wa kuuliza wamekwenda wapi.

Wapo wageni wa tatu, na hawa hadithi inawaona bila kuwatazama. Mwaliko wa karamu unaletwa shuleni na mtu mweusi aliyevaa nguo za katani mbovu, juu ya mwanafarasi asiyefundika vizuri, akimwongoza kwa kamba. Muziki wa karamu unapigwa na mzee mweusi mwenye mvi ambaye kwa zaidi ya nusu karne amekuwa ndiye bendi ya eneo zima. Wakati wa kucheza, watu weusi wa shambani na majirani wanajazana milangoni na madirishani wakitazama. Hakuna hata mmoja wao aliyepewa jina. Irving anawachora kwa mzaha wa meno meupe na macho makubwa, mzaha uliokuwa wa kawaida kwa waandishi weupe wa zama zake na ambao leo unachoma. Sioni sababu ya kuuficha. Anayeifundisha hadithi hii na kuruka sentensi hizo anawanyima wanafunzi wake nusu ya ukweli wa bonde lile.

Kwa maana ukweli huo una kumbukumbu. Sensa ya mwaka 1790 ilihesabu watumwa zaidi ya 21,000 katika jimbo la New York. Sheria ya kuwaacha huru hatua kwa hatua ilipitishwa mwaka 1799, na utumwa ukakoma kisheria tarehe 4 Julai 1827, miaka saba baada ya hadithi kuchapishwa. Hatua chache kutoka kanisa la zamani la Waholanzi, lile lile linalotajwa na Irving, kuna kinu cha maji na nyumba ya mawe vya Philipsburg Manor, ambavyo leo ni makumbusho. Eneo hilo lilikuwa la ukoo wa Philipse. Adolph Philipse alipofariki mwaka 1750, orodha ya mali zake iliandikwa watu 23 waliokuwa watumwa pale, wake kwa waume na watoto, pamoja na vyombo na mifugo. Baba yake, Frederick, alikuwa mfanyabiashara wa bahari ambaye meli zake zilifika hadi Madagaska mwishoni mwa miaka ya 1600 kununua watu na kufanya biashara na maharamia waliojichimbia katika kisiwa cha Sainte-Marie. Yaani bonde hili la Hudson, linaloonekana liko mbali kabisa na sisi, lilijengwa kwa sehemu na fedha zilizotoka kwenye maji ya Bahari ya Hindi, kusini tu mwa pwani yetu. Hadithi inasema mahali pale pamerogwa, ama na daktari wa Kijerumani ama na mganga mzee wa wenyeji asili wa Amerika kabla ya baharia Henry Hudson kufika mwaka 1609. Watu waliozungusha kinu na kupiga muziki wa karamu hawakupewa hata nafasi ya kusadikika kwamba huenda wao ndio wenye kisasi.

Ndipo naona kwa nini ile sentensi ya kapera asiye na deni imekaa mahali pake. Mzuka ulilipatia bonde maelezo, na maelezo yakafunga shauri. Hans Van Ripper, mwenye farasi aliyeazimwa, anakabidhiwa kifurushi cha marehemu: mashati mawili na nusu, soksi kadhaa, wembe wenye kutu, kitabu cha zaburi. Anakichukua kitabu cha Mather, kitabu cha ndoto na bahati, na karatasi ya mashairi ambayo mwalimu alikuwa akihangaika kumwandikia Katrina, anavitupa vyote motoni. Kisha anaamua kwamba watoto wake hawatakwenda shule tena, kwa kuwa hajawahi kuona jema lolote likitokana na huko kusoma na kuandika.

Hili hupitwa haraka na wasomaji, nami nalihesabu kuwa hasara kubwa kuliko nyingine zote ndani ya hadithi. Brom amepata mke. Baltus amepata mkwe anayemfahamu na mashamba hayatauzwa kwenda Kentucky. Vikongwe wamepata simulizi mpya ya kando ya moto. Watoto wa Van Ripper, ambao hawakumtisha mtu wala hawakumtamani binti wa mtu, ndio waliopoteza. Irving hawataji tena.

Brom mwenyewe hakufanikiwa kujificha kabisa. Kila Ichabod aliposimuliwa alikuwa na uso wa mtu anayejua, na boga lilipotajwa aliangua kicheko. Watu wakashuku. Walishuku, na hawakuuliza. Miaka kadhaa baadaye mkulima mmoja aliyetoka New York analeta habari kwamba Ichabod yu hai: aliondoka kwa kumwogopa mzuka na Van Ripper, na kwa aibu ya kukataliwa na Katrina, akahamia mbali, akafundisha huku akisoma sheria, akaingia siasa, akaandika magazetini, mwisho akawa hakimu wa mahakama ya madai madogo. Habari hiyo ingetosha kuifuta hadithi ya mzuka. Haikufuta kitu. Wanawake wazee wakaendelea kusema alichukuliwa na nguvu zisizo za dunia hii, daraja likaogopwa zaidi, hata njia ya kwenda kanisani ikabadilishwa. Jengo la shule lililoachwa likaanza kubomoka, na kijana wa jembe akirudi nyumbani jioni tulivu za kiangazi husikia kwa mbali sauti ya mwalimu ikiimba zaburi ya huzuni.

Kwa hiyo sasa bonde lina mizuka miwili, na wote ni wageni. Bondeni mgeni hapati shamba wala mke. Anachopewa ni kaburi la kuzungukia, na akiisha kuwa mzuka anahesabiwa kuwa wa kwao. Ichabod aliyekuwa hakimu huko mbali, mwenye mwili na kazi, hakumfaa mtu Sleepy Hollow. Ichabod wa sauti jioni aliwafaa wote.

Filamu ya Tim Burton ya mwaka 1999 iliamua kwamba mzuka ni wa kweli na Ichabod ni mpelelezi kutoka jijini. Ni filamu ya kupendeza macho, lakini imewaondolea wanakijiji mzigo wao: mzuka ukiwa wa kweli, hakuna mwenye hatia ya kukaa kimya.

Mji wenyewe umeendelea kuiishi hadithi kwa njia ambayo Irving asingeweza kuiota. Kijiji kilichokuwa kikiitwa North Tarrytown kilikuwa na kiwanda kikubwa cha magari cha General Motors. Kiwanda kilifungwa mwaka 1996. Desemba mwaka huo huo wakazi walipiga kura kubadili jina la kijiji kiwe Sleepy Hollow, jina la hadithi. Leo timu za shule ya sekondari zinaitwa kwa jina la mpanda farasi, watalii humiminika kila Oktoba, na Irving mwenyewe, aliyefariki tarehe 28 Novemba 1859, amezikwa kwenye makaburi ya mahali hapo. Sehemu kubwa ya wakazi sasa ni familia zilizotoka Ekuado, Jamhuri ya Dominika na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini. Sioni ubaya wowote katika mji uliopoteza ajira kujitafutia riziki kwa mzuka wake. Ila natamani sana kwamba watoto wa familia hizo, wanapovaa jezi yenye picha ya mtu asiye na kichwa, waambiwe pia kwamba alikuwa kijana wa ugenini aliyetumwa vitani, na kwamba yule aliyekimbizwa naye alikuwa mwalimu aliyehamia kutafuta maisha.

Hadithi hii haina tena mwenye hakimiliki. Yeyote mwenye Kiingereza cha kutosha na Kiswahili cha uhakika anaweza kuitafsiri na kuichapisha kesho, na ningependa iwepo mikononi mwa wanafunzi wetu wa sekondari, nzima nzima. Ninayemsihi ni huyo mtafsiri. Matoleo ya watoto huishia kwenye mbio na boga lililopasuka, yakamaliza hapo kwa kishindo. Asifanye hivyo. Auache moto wa Van Ripper. Aziache sentensi za mpiga muziki mweusi, hata zikiudhi, na aweke maelezo. Aiache habari ya mkulima aliyerudi kutoka New York.

Na zaidi ya yote aiache nyongeza ya mwisho, ambayo hukatwa mara nyingi. Humo tunaambiwa kwamba hadithi ilisimuliwa katika mkutano wa watu wakubwa wa jiji, na kwamba wote walicheka isipokuwa mzee mmoja mrefu mwenye nyusi nzito, aliyekaa amekunja mikono. Huyo akauliza: funzo la hadithi ni nini, na inathibitisha jambo gani? Msimulizi akamjibu kwa mantiki ya kuzungusha, kwamba mwalimu wa kijijini kukataliwa na binti tajiri ni hatua ya hakika ya kupanda cheo serikalini. Mzee akazidi kukunja uso, akasema bado ana shaka na jambo moja au mawili. Msimulizi akasema hata yeye nusu yake haiamini. Katika ukumbi mzima uliojaa kicheko, mzee huyo ndiye mtu pekee aliyeuliza.